Tundu Kwenye Paa la Hasmukh

Juni 12

Hasmukh, huna haya. Naanza na wewe kwa kuwa daftari hili limenunuliwa kwa ajili yako. Mama yako alipolala kitandani miaka miwili ulikula kwa mkono wangu. Nimekutoa chawa, nimekuosha mavi, na leo umelivua vigae paa la babu zako huku mawingu yamejaa juu ya mto, kama mtu anayemvua mgonjwa blanketi. Ungekuwa karibu ningekupiga mwiko wa kichwa, na mvi zako zisingekusaidia.

Haya, nimepumua. Sasa naeleza, maana Ketki anataka nieleze. Ketki ni mke wa mwanangu Navin. Navin yuko mji wa Surat anachonga almasi za watu, na mimi ameniachia mkewe, ambaye anapika dengu kama maji ya kuoshea vyombo. Amenipa daftari akasema, "Mama, kelele hazina tarehe. Andika kila siku ya mvua. Ofisa wa manispaa akija, utamwonyesha." Nadhani anataka ninyamaze tu. Lakini naandika. Nilisoma hadi darasa la nne na mwandiko wangu ulisifiwa.

Nyumba hii ni moja, ya mbao za msaji na tofali na chokaa, ina ua katikati na birika la maji ya mvua chini ya ua. Ndugu wawili walipogawana, marehemu mume wangu alipata mbele na baba yake Hasmukh akapata nyuma. Ua ni wa wote. Ghorofani, ubavuni mwa ua, kipo chumba cha Mama wa Ukoo, mungu wetu wa kike, naye amekaa katika kidaka chake tangu nyumba ijengwe. Chumba ni cha wote. Taa yake huwashwa na mke mkubwa wa ukoo, ndiye mimi. Ila paa lililo juu yake liliandikwa kwa Hasmukh, na boriti kuu inapita papo hapo: mkia wake uko kwenye ukuta wa Hasmukh, kichwa chake kiko juu ya kitanda changu. Mkia ukioza, nitaamka siku moja na nyumba kifuani.

Watu wake wametoa vigae arobaini na kitu juu ya mkia ule. Nikampigia simu. Yeye anakaa ng'ambo ya mto, ghorofa ya tisa, na kule nyuma amepangisha mfanyabiashara wa sari aweke marobota.

"Ni matengenezo, mama mkubwa."

"Matengenezo gani yanaanza wiki ya mvua na hayana hata kigae kimoja kipya?"

"Fundi atakuja."

"Fundi yupi? Wa kubomoa?"

Akacheka. Ana kicheko kama cha mtu aliyemeza kifungo.

Mtaa mzima unaujua mchezo huu. Nyumba zetu ziko kwenye orodha ya zile ambazo watu wanapanda ndege kuja kuzitazama, na mwenye kubomoa anashtakiwa. Lakini nyumba ikianguka yenyewe, mvua haina wakili. Baada ya hapo unajenga ghala la vitambaa ghorofa nne. Mwaka jana nyumba tatu "zilianguka zenyewe" mitaa ya jirani. Ya kwangu haitaanguka. Na Hasmukh atalipa, sijui bado kwa namna gani, lakini atalipa mbele za watu.

Juni 15

Wageni wanaotembezwa mjini walipita saa mbili asubuhi, wapatao ishirini. Mzee Altaf, mwalimu mstaafu anayewaongoza, aliwasimamisha mbele ya baraza langu kama kawaida awaonyeshe kasuku na maua yaliyochongwa kwenye mihimili. Akasema nyumba ina miaka mia mbili. Nikamwambia kutoka dirishani ni mia mbili na ishirini, asiipunje. Mzungu mmoja alikalia baraza akiwa na viatu. Nikamfukuza.

Juni 21

Mvua ya kwanza. Hii haiingii birikani, inaosha paa tu na mavi ya njiwa. Nikaziba mdomo wa birika. Chumba cha Mama wa Ukoo kinavuja. Mabeseni matatu.

Juni 24

Mvua. Mabeseni matano.

Juni 28

Nimemwita Ishwar, fundi seremala. Baba yake alitengeneza kitanda changu cha harusi. Alipanda akaigonga boriti kwa kifundo cha kidole, sikio limebandikwa, kama daktari.

"Dada Rambha, bado ngumu. Msaji hauogopi maji yanayopita, unaogopa maji yanayokaa. Msimu mmoja itastahimili. Wa pili sikuhakikishii."

"Basi panda ufunike."

"Paa si lako, dada. Nikigusa kigae cha Hasmukh ataniita polisi, na mimi nina moyo mbovu."

"Una woga mbovu."

"Huo pia," akasema, akanywa chai yangu yote.

Julai 3

Jana Ketki alitandika turubai juu ya tundu kwa kutumia mwanzi kutoka dirishani. Leo asubuhi watu wa Hasmukh wameliondoa na kubadilisha kufuli ya ngazi ya paa. Turubai wamelikunja vizuri wakaliweka barazani kwangu. Hilo la kulikunja ndilo lililoniudhi zaidi. Ketki ametundika nailoni ndani, chini ya dari. Inazuia nusu.

Julai 7

Siku ya maandamano ya magari ya Mungu. Tembo kumi na nne walipita barabara kuu. Sikwenda. Nilikaa nikiwaza.

Julai 11

Nimepata.

Paa la Hasmukh linamwaga maji uani kwa mlizamu wa jiwe, wenye mdomo wa mamba. Mdomo huo uko mkono na nusu kutoka dirisha langu la juu. Ketki alipokwenda sokoni nilichukua mwanzi wake, nikafunga matambara nchani na kuyasokomeza kooni mwa mamba hadi mwanzi ukagoma. Nina miaka sabini na minne. Mkono uliuma hadi jioni na moyo ulitulia.

Julai 13

Mvua ya usiku kucha. Maji yalijaa juu ya paa lake, yakakosa njia, yakateremkia ndani kwenye marobota ya sari. Mpangaji alipofungua mlango alipiga yowe wakatoka hata majirani wa lango la pili la mtaa. Sari nyekundu zimezichujia rangi zile nyeupe. Nilikula maembe mawili nikimtazama.

Julai 14

Mpangaji anapakia mkokoteni. Anamtukana Hasmukh kwa simu, anamtukana hadi mama yake. Mama yake alikuwa mtu mwema, lakini nimeyaacha yapite.

Julai 17

Mvua. Nimelala vizuri.

Julai 22

Naandika haya kwa kuwa nimesema nitaandika kila kitu. Ingekuwa hiari yangu ningeruka ukurasa.

Asubuhi mlango wa Mama wa Ukoo ulikataa kufunguka. Nikausukuma kwa bega. Ulipofunguka niliona ufa ukutani, kutoka kidakani hadi sakafuni, unaingia vidole viwili. Chini, nguzo ya uani iliyo karibu na birika imeinamia kando, na chokaa ya ukuta inatoka ukiigusa, laini kama jibini.

Ketki alikuja, akatazama ufa, akatazama juu, akatoka mbio. Nikasikia mwanzi ukikwaruza jiwe. Kisha maji yakaporomoka uani kama mtu amemwaga pipa, na Ketki akarudi ameshika kile kibunda cha matambara, kinanuka. Aliyatambua. Moja lilikuwa sketi yangu ya ndani ya zamani.

"Mama, ni wewe?"

Nikageukia ufa.

"Wiki moja na nusu maji yamekaa juu! Yameshuka ndani ya ukuta! Ukuta huu ni tofali na chokaa na mbao, unakunywa kama ng'ombe! Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo mwaka niliokuja hapa. Ulinizuia hata kumwaga maji ya vyombo karibu na nguzo!"

"Usinipigie kelele."

"Nitapiga! Yeye alitaka kuiua nyumba kwa misimu miwili. Wewe umemsaidia kwa siku kumi na moja. Ili nini? Uone mtu akilia sari?"

Miaka ishirini na mbili katika nyumba hii hajawahi kunijibu. Nilitaka kumpiga kofi. Mkono haukuinuka, na si kwa sababu ya maumivu. Kila mwanamke wa mtaa huu anajua hata akiwa usingizini kwamba mlizamu hauzibwi. Mimi nilijua. Nilijua nikiwa nasokomeza.

Alikwenda akachimba mfereji uani kwa mikono, akachota maji hadi adhuhuri. Nilikaa ngazini. Mwishowe nikashuka nikachukua ndoo ya pili.

Julai 23

Hasmukh alikuja na ofisa, na mwavuli, na kile kicheko. Ofisa alipiga picha ufa na nguzo. Kabandika karatasi ya njano mlangoni: nyumba ni ya hatari, boriti na paa vitengenezwe kabla ya Oktoba mosi, la sivyo itashushwa na manispaa.

"Basi mwambie mwenye paa atengeneze," nikasema.

"Mama mkubwa, sina uwezo sasa hivi. Mpangaji amenikimbia." Akanitazama machoni. "Sijui ni shetani gani aliyeziba mlizamu."

Nikajifanya naisoma ile karatasi ya njano. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumwachia neno la mwisho.

Kisha akasema kwa sauti ya upole: "Itakapofika siku ya kuondoka, utambeba Mama wa Ukoo mapajani mwako, si ndivyo desturi inavyosema? Nywele mbichi, bila kula, mke mkubwa mwenyewe. Nitakuletea gari. Nimeshamwandalia mahali kwangu."

Hasmukh, nimekuandika hapa kwa wino.

Julai 27

Nimemwona Ketki langoni anakula bajia na Sharda, mke wa Hasmukh. Wanacheka. Kwa hiyo ni hivyo. Nitakula peke yangu kuanzia leo.

Agosti 2

Mvua. Ufa haujapanuka. Ishwar ameegemeza nguzo kwa gogo.

Agosti 6

Mvua. Ketki bajia tena.

Agosti 17

Imeingia nyota ya Magha, mvua yake ndiyo tunayoiweka. Maji ya Magha hukaa birikani mwaka mzima bila kuota mdudu wala kubadili ladha. Tulisugua birika kwa chokaa. Ni mimi na Ketki, hakuna mwingine, hivyo ilibidi tuongee.

Yeye yuko chini birikani, mimi nashika kamba. Akasema kutoka mle ndani, sauti inarudi kama ya mzimu: "Mama, mtoto wa Hasmukh anaoa baada ya Diwali."

"Najua. Sharda amekualika?"

"Binti ni wa mjini humu ndani, nyuma ya soko la Manek Chowk. Bibi yake ndiye mwenye kauli. Anaitwa Mangala. Hawaozi binti kabla huyo bibi hajapanda mwenyewe kumwona Mama wa Ukoo wa upande wa bwana. Na fundo la harusi, lile la nguo za maharusi, lazima lifunguliwe mbele ya Mama, mahali alipo, si kwingine. Hasmukh anamwogopa kuliko manispaa. Anamtafutia visingizio tangu Juni."

"Haya umeyajuaje?"

"Bajia sahani sita, Mama. Na tumbo langu limeharibika. Sharda hawezi kufunga mdomo hata akitafuna."

Nikaikaza kamba. Kisha nikamwambia apande, amesugua vya kutosha, atashikwa na baridi. Usiku nilikula naye. Dengu zilikuwa na chumvi kidogo. Nimezisifu.

Agosti 19

Nimemwandikia Bi Mangala barua. Mistari minne. "Dada, mimi ndiye mke mkubwa wa ukoo na ndiye ninayewasha taa. Nasikia mnataka kumwona Mama. Mlango uko wazi. Njooni siku ya mvua, ndipo nyumba hupendeza." Ketki aliipeleka mwenyewe.

Agosti 28

Walikuja leo, na mvua ilikuwa ile ya kushindana na ngoma. Bi Mangala ni mfupi, mweusi, mkavu, anatembea kama mtu anayekwenda kudai. Alikuja na mkwewe. Hasmukh alipata habari asubuhi hiyohiyo, akafika anahema, kabeba peremende, suruali imelowa hadi magoti.

Tuliwakalisha mbele. Mgeni alitazama nguzo za sebuleni, akapapasa kasuku wa mbao.

"Nyumba ya watu," akasema.

"Ya watu," nikasema, "ila wengine wamejisahau."

Alipomaliza chai akasimama. "Nipelekeni kwa Mama."

Hasmukh akarukia: "Bibi, ngazi zetu kali sana, na magoti yako... Unaweza kusujudu hapa chini, anasikia."

"Magoti yangu yamepanda mlima Girnar, ngazi elfu kumi. Zenu ni ngapi?"

"Kumi na nne," Ketki akasema haraka.

Tukapanda. Nailoni nilikuwa nimeikunja alfajiri na kuiweka chini ya kitanda. Wageni waone nyumba ilivyo. Mabeseni matano yanalia ti, ti, ti. Ufa umeshuka kutoka kidakani. Na Mama wa Ukoo, kibamba chake cha fedha kisichozidi kiganja, amekaa kidakani chini ya mwavuli mweusi wa mume wangu niliomfungia kwa uzi. Taa inawaka chini ya mwavuli.

Bi Mangala alisimama. Tone likamwangukia utosini. Hakulipangusa. Likaja la pili.

"Nani ameondoa paa?" akauliza.

"Muulize mwenye paa," nikasema. "Yuko nyuma yako, ameshika peremende."

"Ni matengenezo, Bibi..."

"Tangu lini?"

"Juni," Ketki akasema. "Tarehe kumi na mbili. Tumeandika."

Yule bibi aligeuka taratibu. Alimtazama Hasmukh kuanzia viatu. "Mwanangu, mimi nimezaliwa mjini humu. Nyumba ya kaka yangu ilikufa kwa matengenezo ya namna hii." Hasmukh alifungua mdomo. "Nyamaza. Mjukuu wangu ataletwa hapa afunguliwe fundo mbele ya Mama, kama nilivyofunguliwa mimi kwa Mama wa upande wangu. Sitamleta afunguliwe chini ya mwavuli. Paa likizibwa na boriti ikapona, tutakuja na ngoma. Lisipozibwa, tafuteni binti anayependa kunyeshewa."

Akasujudu, akaacha nazi, akashuka ngazi bila kushika ukuta. Peremende hakuigusa. Hasmukh alibaki amesimama kati ya mabeseni, na tone lilimpata yeye pia, sikioni. Siku nyingine ningemwonea huruma.

Septemba 2

Amekuja peke yake, amekaa sakafuni.

"Umeniaibisha, mama mkubwa."

"Bado."

"Unataka nini?"

"Boriti iungwe mkia kwa msaji wa zamani, si chuma. Ukuta uzibwe kwa chokaa, si saruji, saruji itaubania maji na kuuozesha. Fundi awe Ishwar. Vigae vya udongo. Na wewe mwenyewe ubebe."

"Kubeba? Nina miaka hamsini na tatu!"

"Nilikubeba una miaka mitatu, ulikuwa mzito vilevile."

Alikubali. Alisema wiki ijayo.

Septemba 9

Hakuja. Amesema mbao zimechelewa.

Septemba 12

Hakuja. Simu yake inaita hadi inachoka.

Septemba 14

Ishwar amenitembelea uso umemwanguka. Hasmukh kamwambia aanze kazi tarehe kumi na nane. "Nikamwambia, bwana, siku hiyo zinaanza siku kumi na sita za marehemu. Hakuna fundi anayeanzisha kazi mpya siku hizo, hata kugonga msumari wa picha. Akasema, ah, nilisahau, basi tusubiri ziishe."

Zikiisha ni Oktoba tatu. Karatasi ya njano inasema Oktoba mosi.

Ameihesabu vizuri. Nyumba itashushwa na manispaa, na yeye ataenda kwa Bi Mangala anapangusa machozi: tulikuwa tunaanza, Bibi, serikali ikatuwahi. Ketki anasema Sharda tayari amenunua kabati la kioo la kumwekea Mama wa Ukoo, lina taa za rangi ndani zinazowaka na kuzimika. Mama yetu awekwe kwenye kabati la duka la simu!

Kazi iliyoanza kabla huruhusiwa kuendelea siku za marehemu. Desturi inakataza kuanza, haikatazi kumaliza. Kwa hiyo lazima ianze tarehe kumi na saba isipite. Siku tatu.

Hasira yangu ya Julai ilikuwa ya moto na iliunguza nyumba yangu. Hii ya leo ni baridi. Naiona vizuri mbele na nyuma.

"Ketki," nikasema, "ile desturi ya kumbeba mapajani. Inasema apelekwe wapi?"

Akafikiri. "Haisemi wapi, Mama. Inasema nani tu."

"Kumbe."

Septemba 16

Alfajiri nilioga, sikufuta nywele, sikunywa hata maji. Nikamtoa Mama wa Ukoo kidakani kwa mikono yangu. Haijawahi kutokea tangu nyumba ijengwe. Nilimwomba radhi. Nikamwambia ni kwa muda, na kwamba aliyemtoa kweli si mimi. Nikateremka ngazi kumi na nne, Ketki mbele yangu kinyumenyume, mikono ameikinga. Nikaketi barazani, mlango uko wazi nyuma yangu, Mama mapajani, taa pembeni, nywele zinachuruzika mgongoni.

Wa kwanza kuniona alikuwa muuza maziwa. Akaweka makopo chini, akavua viatu. Baada ya nusu saa mtaa mzima ulikuwa kichochoroni. Wanawake wa lango la pili wakaketi chini. Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Mke mkubwa mwenye nywele mbichi barazani na Mama mapajani, maana yake ukoo umefukuzwa kwake.

Saa mbili Mzee Altaf akaja na wageni wake. Akasimama ghafla, wakagongana nyuma yake.

"Mama Rambha, kulikoni?"

"Leo usiwaambie habari za kasuku, mwalimu. Waambie hivi: paa la huyu liliondolewa na mtoto wa ndugu wa mume wangu, anaitwa Hasmukh, anakaa ng'ambo ya mto ghorofa ya tisa. Anataka nyumba ife ajenge ghala. Waambie kwa lugha zao zote."

Akawaambia. Alikuwa mwalimu kweli, hakuruka neno. Aliwaonyesha tundu kwa fimbo. Wageni wakapiga picha tundu, wakapiga picha karatasi ya njano. Mama mmoja wa Kijapani aliweka ua mbele yangu akainama. Huyo alikuwa amevua viatu.

"Nipigeni na mimi," nikawaambia. "Jina lake ni Hasmukh. Liandikeni."

Kabla ya saa nne Hasmukh alifika, kaja na pikipiki ya kukodi, shati nje. Mtu alikuwa amempelekea picha. Bi Mangala alikuwa ameshamfikia yeye kwanza kwa simu. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa amekunja shingo.

"Mama mkubwa, mrudishe ndani. Nakuomba. Watu wanatazama."

"Ndiyo kazi ya nyumba hii. Watu wanakuja kuitazama."

"Nitaanza tarehe kumi na nane, naapa!"

Kicheko kilipita kichochoroni. Muuza maziwa akasema, "Kumi na nane kunguru wanalishwa wali wa marehemu, bwana mkubwa. Unataka kujenga na kunguru?"

"Utaanza leo," nikasema.

"Leo mbao hazipo!"

"Zipo," akasema Ishwar, akitoka nyuma ya umati na mkokoteni. Msaji mweusi, wa nyumba iliyokufa mwaka jana. Ketki alikuwa ameuchagua na Navin ameulipia kutoka Surat. Sikuwa nimeambiwa. Nilimtazama Ketki, naye akatazama kwingine, kama mtu aliyeiba.

"Na ufunguo wa ngazi ya paa?" nikasema.

Hasmukh alisimama. Watu kama mia moja walimkazia macho. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanitazama mimi, na sikumpa pa kujificha. Akatia mkono mfukoni.

"Usimpe Ishwar. Panda mwenyewe. Beba kigae cha kwanza kichwani, ukiweke mbele ya macho yetu. Ndipo kazi imeanza, na ndipo mimi nitanyanyuka."

Akautoa, akafungua kufuli ya ngazi, akavua viatu. Karai likawekwa kichwani pake, vigae sita na chokaa mbichi, na ikamchuruzika usoni hadi masharubu. Wanawake walihesabu ngazi kwa sauti akipanda. Alipoweka kigae juu ya ukingo wa tundu, Mzee Altaf alipiga makofi, na wageni wote wakapiga, wakidhani ni sehemu ya matembezi.

Sikupiga makofi. Nilichukua ufunguo wa ngazi, nikamrudisha Mama kidakani kwake, nikanywa maji, nikalala saa moja.

Jioni nimemsikia Hasmukh akimwambia Ishwar kwamba kesho atatuma kibarua badala yake, mgongo unamuuma. Ketki, nakuachia daftari wazi kwenye ukurasa huu. Kesho ufunguo wa ngazi ya paa ukae kiunoni mwako na usimpe mtu. Kibarua akija mrudishe. Hasmukh akija mpe karai, usimpe kiti, na chai umpe baada ya mkia wa boriti kukaa mahali pake, si kabla. Na hiyo chai uipike wewe. Yangu hastahili.